Sanduku la bati la bibi, kipande cha babu, na mwaka mzima wa kutafuta nyaraka za Tanga

Mkonge Mkavu (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, nyuzi za mpira zipo.

Mwaka jana tulivunja nyumba ya bibi kule Ngamiani ili tujenge ya tofali. Chini ya kitanda cha marehemu likatoka sanduku la bati, kufuli imeoza. Fundi alikwishalitupa kwenye rundo la kuchomwa moto, mama akapiga ukelele mtaa mzima ukasikia. Ndani mlikuwa na doti ya kanga haijakatwa, stakabadhi za kodi zimefungwa bunda kwa uzi wa katani, kipande cha kazi cha babu, na karatasi moja rangi ya chai, imekunjwa mara nne, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Kwa vijana wasiokijua kipande: ni kadi ngumu yenye visanduku 30. Ukimaliza kazi uliyopangiwa siku hiyo, kinajazwa kisanduku kimoja. Hujamaliza, hakijazwi. Umeamka na homa, hakijazwi. Kwa hiyo mwezi wa kipande haukuwa mwezi wa kalenda, mshahara ulingoja visanduku vyote vijae, hata ikifika wiki ya sita. Cha babu kimejazwa 23. Saba vyeupe.

Babu alikuja Tanga kukata mkonge, manamba, yaani kibarua wa mkataba, kutoka Songea. Bibi ni wa hapa hapa pwani. Babu amekufa hajarudi kwao hata mara moja, na alikuwa mtu wa maneno machache, hivyo mama na wajomba hawajui kijiji chake, hawajui ndugu. Nikasema basi, serikali ya Mwingereza ilikuwa inaandika kila kitu, babu lazima yumo mahali.

Nikaanzia ofisi moja ya umma hapa mkoani, siitaji. Nilipigwa kalenda wiki tatu, njoo Jumatatu, njoo Alhamisi, mwenye ufunguo kaenda msibani. Siku nilipofunguliwa stoo nilikuta mifuko ya saruji, matairi, na nyuma yake mafaili yamepangwa tangu sakafuni. Nilishika moja nikavuta. Jalada likaja, karatasi zikabaki. Mchwa walikuwa wamekula katikati wakaacha kingo, mfano wa fremu ya picha. Kijana aliyenisindikiza akaniambia, "Kaka, hayo ya zamani hayana kazi."

Nikapanda basi kwenda Dar, Nyaraka za Taifa, Upanga, Mtaa wa Vijibweni. Pale begi unaliacha, kalamu ya wino unaiacha, unaingia na penseli. Nikampa mama mmoja mtu mzima jina la babu kwenye kikaratasi, kama mtu anayetafuta mgonjwa wodini. Akaniuliza:

"Babu yako alikuwa nani?"

"Manamba, mama."

"Manamba hakumwandikia barua Mkuu wa Jimbo. Sasa nani aliandika habari zake?"

Sikuwa na jibu. Akavuta kiti, akanipa somo ambalo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Nyaraka hazipangwi kwa majina ya watu wala kwa mada kama vitabu vya maktaba. Zinapangwa kwa ofisi iliyozizaa. Mafaili ya Jimbo la Tanga yanakaa peke yake, ya wilaya peke yake, ya Idara ya Kazi peke yake, hata kama yote matatu yanazungumzia kambi moja ya wakata mkonge na choo chake kimoja kilichojaa. Ukiyachanganya unaua maana, kwa sababu hutajua tena nani alimwambia nani. Kwa hiyo usiulize "babu yuko wapi". Uliza nani alikuwa na sababu ya kumwandika, kisha ufuate makaratasi ya huyo.

Tukaanza kuhesabu. Serikali ilimwandika alipolipa kodi. Shamba lilimwandika kila siku kwenye kipande. Na kilichonivunja moyo ni hiki: kuanzia 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao wenyewe ya kuandikisha vibarua, SILABU, iliyokwenda kuzoa watu Songea, Rungwe, Kigoma mpaka Ruanda-Urundi, na kambi yao kubwa ya kupokelea watu ilikuwa Korogwe. Kwa hiyo orodha zenye majina zilikuwa mali ya wenye mashamba, serikali ilipelekewa hesabu. Mashamba mengi yakataifishwa 1967, makaratasi yakahama mikono, na anayejua kilichobaki kwenye stoo za mashamba ni mchwa.

Nilikaa pale siku nne. Nikapata barua za ukaguzi wa kambi, mkaguzi analalamikia maji, analalamikia posho, anaandika "vibarua" kama mtu anavyoandika "magunia". Jina hata moja hakuna. Lakini nilijua babu alikunywa maji gani, na hilo sikulitegemea.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Picha ya ile karatasi ya Kiarabu nimeiweka hapo chini.

---

Bint Chumbageni

Nimewahi siti ya mbele. Mkuu unajua kuandika, hapo kwenye mchwa na fremu ya picha nimecheka halafu nikasikitika.

---

Jalada Halifungwi

Mleta uzi, mimi nipo masijala mwaka wa kumi na tatu sasa, halmashauri siitaji na mkoa siutaji. Niseme mawili.

Kwanza, yule kijana wa "hayana kazi" hakuwa afisa kumbukumbu, nakuapia. Sheria ya Usimamizi wa Kumbukumbu na Nyaraka Na. 3 ya 2002 inakataza kuharibu kumbukumbu ya umma bila idhini, na matairi juu ya majalada ni kuharibu tu, polepole. Utaratibu ni kwamba jalada likishafungwa linatoka masijala hai, linafanyiwa tathmini, lisilo na thamani linateketezwa kwa kibali, lenye thamani linahifadhiwa. Kuna Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu pale Dodoma kwa ajili ya yale ambayo ofisi haiyahitaji kila siku. Na kwa kawaida nyaraka inafunguliwa kwa wananchi ikishatimiza miaka 30.

Pili, tuhurumieni. Bajeti ikikatwa, masijala ndiyo ya kwanza. Mkurugenzi akitaka chumba cha mafunzo ya kompyuta, anakuja kuangalia chumba changu. Mwaka juzi niligoma kuhamisha majalada kwenye varanda, nikaitwa mkaidi mbele ya kikao. Mvua ya vuli ikanyesha wiki ile ile. Hakuna aliyeniomba radhi, lakini chumba ninacho.

---

Mzee wa Bao

Wajukuu zangu, mimi nimezaliwa Barabara ya 9. Mnasema nyaraka za Tanga kana kwamba zilianza na Mwingereza. Mjerumani alifungua shule ya serikali hapa 1892, reli akaanza kuijenga kutoka hapa 1893, na pale shuleni wanafunzi walifundishwa kuchapa. Gazeti la Kiswahili, Kiongozi, lilikuwa likichapwa Tanga tangu 1904 mpaka vita vilipolizima 1916. Waliokuwa wakilipelekea habari ni walimu na makarani Waswahili waliotawanywa bara. Ukitaka kujua bei, ukame, simba aliyekula mtu, nani kahamishwa kituo, humo yamo. Watu wanadhani kuandika kwetu kumeletwa na redio.

---

Kurunzi

Niongezee kwa mzee. Mafaili ya Mjerumani yaliyoko Nyaraka za Taifa yaliingizwa kwenye orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Zanzibar nao waliingiza mkusanyo wao wa hati na vitabu vya Kiarabu mwaka 2003. Sasa tatizo la yale ya Mjerumani ni mwandiko. Niliwahi kukaa nayo kwa ajili ya tasnifu. Kijerumani nilikisoma miaka miwili nikajiona mtu, nikafungua faili nikakuta mistari kama miba ya samaki imelazwa upande. Ule mwandiko unaitwa Kurrent, hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Nilijifunza alfabeti upya kama mtoto wa chekechea.

Ila katikati ya miba ile unakuta barua ya akida au jumbe, viongozi wadogo waliokuwa chini ya Mjerumani, kwa Kiswahili, anamwandikia bwana mkubwa: salamu nyingi, kisha shida yake, kisha salamu nyingi tena. Nyingine kwa hati za Kiarabu na karani kaweka tafsiri pembeni. Mara mbili nilikuta tafsiri ya karani imepunguza makali ya barua. Jumbe kalalama, karani kalainisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba ukisoma tafsiri tu umedanganywa kwa adabu.

---

Chuma cha Pua

Mimi nitasema mtakalolichukia. Wapewe Wazungu wayatunze. Wana viyoyozi, wana pesa. Sisi tunaweka matairi.

---

Kurunzi

Mkuu, mengine wanayo tayari. Karatasi za UMCA, misheni ya Kianglikana, waliokuwa na kituo Magila kule Muheza, zipo Oxford. Haya, mjukuu wa mtu wa Magila atoe nauli na viza akasome babu yake alibatizwa lini? Kiyoyozi bila mlango ni jokofu tu.

---

Mtoto wa Dunda

Bagamoyo naomba niingie, msije mkadhani pwani ni Tanga peke yake.

Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yetu 1868 na wakawa na desturi ya kuweka shajara, siku kwa siku, kwa Kifaransa. Nani kafika, nani kafa, mvua, watoto waliokombolewa utumwani wakaletwa kijiji cha uhuru. Mwili wa Livingstone ulipofikishwa na watumishi wake akina Susi na Chuma Februari 1874, ulipita kwao. Padri Sacleux naye alikaa Bagamoyo miaka na miaka akikusanya maneno na mimea, kamusi lake kubwa la Kiswahili na Kifaransa likatoka yeye mzee kabisa, 1939.

Lakini angalia jambo moja. Yule mtoto aliyekombolewa yumo kwenye daftari la misheni kwa jina la ubatizo, sijui Yosefu, sijui Maria. Jina alilopewa na mama yake limekwenda. Kwa hiyo lile swali la mama wa Upanga, nani aliandika na kwa sababu gani, hata kwetu linauma. Padri alikuwa na sababu ya kuandika roho iliyookolewa. Hakuwa na sababu ya kuandika ukoo.

---

Bint Chumbageni

Duh.

---

Mkonge Mkavu (mleta uzi)

Mtoto wa Dunda, umenigusa. Na nimeanza kuamini kwamba kilichosalimika vizuri zaidi ni kile ambacho ndugu alikificha. Shaaban Robert wetu, aliyezaliwa Vibambani hapa mkoani 1909, alikuwa karani wa serikali miaka na miaka. Barua alizomwandikia mdogo wake Yusuf Ulenge, za tangu 1931 mpaka 1958, tunazo leo zimechapwa kitabu kwa sababu mdogo mtu hakuzitupa. Barua za nyumbani hizo: pesa, wagonjwa, uhamisho, maudhi ya kazini. Zingetegemea masijala nani angeziona?

Jamani mbona hakuna anayegusa picha yangu?

---

Chuma cha Pua

Nimeigusa. Nimesoma madrasa miaka sita, msinidharau. Si Kiarabu, ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Inaanza kwa Bismillahi, halafu mtu anakiri kwamba amekopa rupia saba na nusu, na rehani yake ni minazi kumi na miwili ya Tongoni. Tarehe ni Rajabu 1328. Halafu anasema atalipa kwa bata. Babu zenu walikuwa wafugaji wazuri.

---

Bint Chumbageni

Bata! 😂😂 Rehani ya minazi inalipwa kwa bata?

---

Mzee wa Bao

Mwanangu Chuma, soma neno linalofuata.

---

Chuma cha Pua

"Frasila mbili." Bata frasila mbili.

---

Mzee wa Bao

Haya. Tangu lini bata akapimwa kwa frasila?

Hati za kale haziandiki zile sauti za mbele, *m* na *n*. *Mb* inaandikwa *b*, *nd* inaandikwa *d*, na *p* mara nyingi ni *b* hiyo hiyo. Msomaji alitakiwa ajue Kiswahili kwanza ndipo asome. Hapo ni mbata. Nazi kavu. Frasila moja ni kama ratili 35, kwa hiyo mtu ameahidi mbata ratili 70, kutoka kwenye minazi ile ile aliyoiweka rehani. Na Rajabu 1328 ni kati ya Julai na Agosti 1910, Mjerumani yupo. Rupia ilikuwa na pesa 64, yeye akaibadilisha 1904 ikawa na heller 100, wazee wakiita hela. Ndiyo hela mnayoisema mpaka leo.

---

Chuma cha Pua

Nimekaa chini. Shikamoo mzee.

---

Mzee wa Bao

Marahaba. Miaka sita si kidogo, usiache. Wapo waliozunguka pwani yote hii kukusanya karatasi kama hiyo. J.W.T. Allen alikusanya tenzi na barua mpaka kanda za sauti, zipo maktaba ya Chuo Kikuu Dar es Salaam, na orodha yake ilichapwa 1970. Tenzi la vita vya Wadachi, yaani Wajerumani, la Hemedi bin Abdallah el-Buhriy wa kwetu huku, alilichapisha yeye. Lakini alikusanya alizoonyeshwa. Ambazo bibi za watu waliweka chini ya kitanda hakuziona.

---

Mkonge Mkavu (mleta uzi)

Nimemsomea mama. Jina la mkopaji lililoko pale ni la baba yake bibi. Mama akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe ndiyo maana mjomba hakutaka tuitaje Tongoni." Kuna ugomvi wa shamba pale tangu sijazaliwa, nilidhani ni mambo ya wake wenza. Niachieni hilo, ni la kikao cha familia.

---

Jalada Halifungwi

Mkuu, kabla uzi haujalala. Kwanza usiipake karatasi hiyo plastiki, watu wanapenda sana kupeleka steshenari ikafungwe kwa joto, hiyo ni hukumu ya kifo. Ikunjue pole pole, iweke bapa ndani ya bahasha safi ya karatasi, mahali pakavu pasipo jua, wala si ukutani. Na toa pini na klipu, kutu inakula karatasi.

Pili, nina swali. Umezungumza kipande, umezungumza hati ya minazi. Zile stakabadhi za kodi umezisoma?

---

Mkonge Mkavu (mleta uzi)

Nimeona ya juu na ya chini, zote Tanga. Nikajua ni zile zile.

---

Jalada Halifungwi

Wewe mwenyewe ulifundishwa Upanga: nani alikuwa na sababu ya kumwandika. Shamba lilihitaji mikono yake tu. Mtoza kodi alihitaji kujua ni mtu wa nani, ili mwakani amjue wa kumdai. Stakabadhi ina mhuri wa wilaya, na nyingine zina jina la jumbe. Fungua bunda lote. Moja moja.

---

Mkonge Mkavu (mleta uzi)

Ule uzi wa katani umekaza kama nyaya. Sitaki kuukata, babu ndiye aliyeufunga. Nipeni mpaka kesho.

---

Bint Chumbageni

Tumeweka kambi hapa. Nani analeta kahawa na kashata?

---

Mkonge Mkavu (mleta uzi)

Wakuu.

Nilikaa na mama barazani tangu alasiri, tunaulegeza kwa sindano ya mkeka. Stakabadhi zipo kumi na moja. Kumi ni za Tanga, mhuri wa zambarau, unasomeka. Ya katikati kabisa ni ndogo, imekunjwa ndani ya nyingine, na mhuri wake ni Songea. Jina la babu wameliandika vibaya, wametia *r* pahali pa *l*, kwa hiyo hata ningekuta orodha ningelipita. Chini yake pana mstari wa jumbe. Umejazwa kwa penseli, unasomeka.

Jina la jumbe siliweki hapa. Kama kuna mtu wa Songea humu, mwenye wazee nyumbani wa kuwauliza, anicheki inboksi leo leo. Mama hajalala.